Nimeuziwa "seti kamili" ya uvuvi Mbeya mjini, nimefika Matema hakuna kinachofaa. Hii ni biashara au wizi?

Wakuu, salaam. Nimerudi Uyole usiku huu kutoka Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, mikono mitupu, mara ya nne sasa. Mara tatu nilinyamaza nikijiambia labda ni ugeni wangu. Leo sinyamazi.

Mwezi wa pili nilinunua mtumbwi wa mbao, kama mita 5 hivi, kwa mzee mmoja wa Matema aliyekuwa anastaafu kazi ya ziwani. Watu wawili wanakaa vizuri, wa tatu mnajitafutia balaa. Hauna injini, tunatumia kafi. Mimi ni fundi magari, nimekulia Tukuyu, mke wangu kwao Ipinda, na mdogo wake wa kiume anaishi hukohuko ziwani. Nia yangu ilikuwa ndogo tu: mwisho wa wiki niende na shemeji, tuvue kitoweo, kikizidi tuuze.

Nikaingia duka moja la zana za uvuvi hapa mjini. Nikamwambia muuzaji waziwazi: "Mimi ni mgeni wa uvuvi, nina mtumbwi mdogo wa kafi, nakwenda Matema. Nipe vya kuanzia." Mteja ajieleze vipi zaidi ya hapo? Yule bwana hakuniuliza swali hata moja. Hakuuliza nataka samaki gani, wala navua mchana au usiku, wala kwenye kina gani. Akashusha begi kutoka juu, akasema, "Bosi, hii seti kamili, ukitoka na hii huhitaji kingine." Shilingi 185,000. Akaniongezea na wavu wa 90,000. Nikalipa 275,000 taslimu, nikaondoka na furaha ya mtoto aliyenunuliwa viatu vya sikukuu.

Naanza na fimbo. Ni ya kuunganisha vipande, ikisimama ina karibu mita 4. Fimbo ya urefu huo ni ya mtu anayesimama ufukweni na kurusha mbali. Ndani ya mtumbwi wa mita 5 wenye watu wawili, haina pa kugeukia. Safari ya kwanza tu, niliirudisha nyuma ili nirushe, ndoano ikamshika shemeji juu ya nyusi. Sentimita mbili chini yake kuna jicho, jamani. Tulipiga kafi kurudi pwani huku ameziba uso kwa fulana inayolowa damu. Mtu wa mtumbwi mdogo akitaka fimbo basi iwe fupi, mita 2 au pungufu. Hilo jambo la sekunde tano, muuzaji angeweza kulisema.

Ndoano ndizo zilizonipotezea muda kuliko kitu kingine. Ndani ya seti zilikuwemo ndoano 100, nene, zimeandikwa namba 8. Samaki wanagusa, wanamaliza chambo, wanaondoka zao. Siku nzima kazi yangu ilikuwa kulisha samaki wa Ziwa Nyasa. Wavuvi pale walipoziona walijua palepale: hizi ni za sangara, watu wa Mwanza wanazifunga kwenye migonzo, zile kamba ndefu zenye ndoano nyingi. Sangara yuko Ziwa Victoria. Ziwa Nyasa hayupo! Sasa duka lililo Mbeya, ambalo wateja wake wa ziwa karibu wote wanashuka Kyela, iliko Matema, linajaza rafu ndoano za samaki asiyekuwepo kwenye ziwa letu, halafu linamkabidhi mtu aliyesema kwa kinywa chake kwamba anakwenda Matema.

Nikarudi, nikaomba ndogo zaidi. Akanipa pakiti ya namba 5, akaniambia namba ikishuka na ndoano inapungua. Nikaamini, kwani tano si ndogo kuliko nane? Nimefungua kule ziwani: kubwa kuliko zile za kwanza. Nauli ya kwenda na kurudi imekufa hapo. Kwa hiyo wageni wenzangu shikeni hili, maana dukani hamtaambiwa: kwenye ndoano namba inakwenda kinyume. Namba 12 ni ndogo kuliko namba 8, na namba 8 ni ndogo kuliko namba 5. Inageuka tu pale mnapoona namba imeandikwa na mkwaju na sifuri, 1/0, 2/0, 3/0. Hizo ndizo zinakua kadiri namba inavyopanda. Mtu anayeuza ndoano na halijui hilo anauza nini? Na kama analijua, basi alinidanganya.

Halafu alinihakikishia kwamba nitavua magege, jamii ya perege, kwa ndoano hizo. Magege chakula chao kikubwa ni vijimea vidogo sana vinavyoelea majini, na ndiyo maana tangu zamani wanavuliwa kwa wavu. Ukikaa na ndoano kumsubiri gege utasubiri sana. Anayefuata ndoano ni mbasa, kwa sababu mbasa anakula samaki wenzake, hasa usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa. Ukimkokotea kitu kinachong'aa nyuma ya mtumbwi polepole, kama usipa anayekimbia, anakuja. Nimeyajua haya kwa kukaa mchangani na wazee jioni mbili, bila kulipa hata shilingi.

Na mbasa alikuja kweli. Safari ya tatu, alfajiri, upande wa Ikombe. Nilimwona anageuka chini ya maji, mweupe kama sufuria mpya. Uzi ukakatika. Haukukatikia kwenye fundo, nimeuangalia vizuri: katikati ya uzi. Kwenye kigurudumu cha uzi imeandikwa 30, na muuzaji alisema ni kilo 30. Nilipofika nyumbani nikasoma maandishi madogo pembeni: ni paundi. Paundi 30 ni kilo 13 na nusu, haifiki hata nusu ya alichoniambia. Sawa, hata kilo 13 zingemtosha yule mbasa. Basi nikafanya jaribio. Nikajaza ndoo maji lita 10, ambayo ni kilo 10 na uzito kidogo wa ndoo yenyewe, nikafunga uzi kwenye mkono wa ndoo, nikanyanyua. Haikufika magotini, uzi ukakatika. Nikakata kipande kingine, vilevile. Tatu, vilevile. Hiyo nailoni imezeeka. Kigurudumu kilikuwa kinaning'inia dirishani mwa duka, kinapigwa na jua sijui miaka mingapi, na jua ndilo linalokula nailoni. Chukueni uzi wa ndani, uliokaa kwenye boksi, na kabla ya kulipa zungusheni mita moja mikononi muuvute kwa nguvu. Muuzaji akikataza, ondokeni.

Sasa wavu, na hapa ndipo hasira yangu ilipo hasa.

Wavu alioniuzia ni ule wa nailoni wa uzi mmoja mmoja, unapitisha mwanga kama kioo, ukiutia majini huuoni. Alinisifia kwa hilohilo: "Samaki hawauoni, bosi, utawabeba." Nimeushusha kwenye gari pale Matema, hata sijaukunjua, mzee mmoja wa kamati ya ufukwe akanisogelea akaniambia kwa upole, "Mwanangu, hiyo irudishe kwenye gari kabla hawajaiona wengine." Nyavu za namna hiyo zimekatazwa na Kanuni za Uvuvi za mwaka 2009. Nilikuwa sijui. Niwe mkweli, nilikuwa sijui kabisa. Mzee akanieleza na sababu, nikaona aibu: wavu huo hauozi ukipotea. Ukikatika usiku ukazama, unaendelea kunasa samaki huko chini miezi na miezi, wanaozea humo bila mtu kuwala. Hapohapo watu wa Kyela wanalia kwamba mbasa hawapandi tena mito ya Kiwira na Mbaka wakati wa mvua kama walivyokuwa wakipanda enzi za baba zao.

Yaani mimi, baba wa watoto watatu, nilikuwa nimebaki hatua ishirini tu kuingia ziwani na zana haramu, zikamatwe, nitozwe faini, pengine na mtumbwi uchukuliwe, na muuzaji amekaa dukani anahesabu 90,000 yangu. Anayekamatwa ziwani siku zote ni mvuvi. Kwa nini nyavu hizi zinauzwa waziwazi mjini, zimening'inizwa mlangoni, halafu doria inakwenda kumsubiri maskini ufukweni? Maafisa uvuvi mnaosoma hapa, naomba jibu la hilo.

Kamba ya nanga ilikuwa mita 30. Wanaoijua Matema wanajua Milima ya Livingstone inavyoshuka ikaingia majini wima. Ukitoka kidogo tu upande ule, chini hupapati. Tulitupa nanga ikaning'inia tu, mtumbwi ukawa unasogezwa na maji hatuna habari. Hapo hailaumiwi kamba peke yake, sehemu ile watu hawatii nanga kabisa, mmoja anavua na mwingine anashika kafi kuuweka mtumbwi sawa. Lakini niliambiwa itafika popote.

Na katika seti hiyo "kamili", jaketi la kuokolea maisha halikuwemo. Niliuliza safari ya pili, nikajibiwa hawauzi. Duka zima la zana za uvuvi! Kuanzia mwezi wa tano hadi wa nane upepo wa kusini unakuja na ziwa zima mgongoni, kilomita zaidi ya 500 za maji bila kizuizi, na unakuja kuishia kwetu huku kaskazini. Asubuhi ziwa limelala kama chai kwenye kikombe, saa sita mchana mawimbi yanaruka juu ya ukingo wa mtumbwi. Jana tumerudi tunachota maji kwa kopo, shemeji anapiga kafi, mimi nachota. Nilimfikiria mke wangu. Mdogo wake na mume wake, angepotelewa na wote wawili siku moja.

Tulipofika mchangani tukamkuta mzee wa Kikisi anapandisha mtumbwi wake, ule wa gogo, mdogo kuliko wetu. Ana mtungo wa samaki mkononi. Nikaomba kuona zana zake. Uzi mmoja umezungushwa kwenye kipande cha mti, jiwe dogo la kuuzamisha, ndoano tatu ndogo, na usipa wa chambo ndani ya kopo. Fimbo hana. Nikamuuliza vyote vimemgharimu kiasi gani, akasema haifiki 10,000.

Jumatatu iliyopita nilikwenda dukani na wavu wangu, haujalowa hata tone, pamoja na vile vipande vya uzi. Nikaoneshwa maandishi kwenye risiti: mali ikishauzwa haitarudishwa. Nikamwambia mwenye duka kwamba ipo Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, na inasema mnunuzi akimweleza muuzaji anachokwenda kukifanyia kitu, akategemea ujuzi wake, basi kitu hicho kiwe kinafaa kwa kazi hiyo. Akanijibu niende huko kwa hao wa sheria. Nitakwenda. Na hata hivyo kitu ambacho kanuni zimekikataza hakipaswi kuwa dukani, irudishwe isirudishwe.

Najua watakuja wa kusema, "Ungekwenda kununua na mvuvi mzoefu." Nimelikubali. Lakini mteja wangu akija gereji akaniambia gari linapanda Igawilo na mzigo kila siku, nikamfungia breki za kikaratasi kwa kuwa yeye hajui breki, nyie mtaniitaje? Kutojua kwa mteja ndiyo sababu anamlipa anayejua. Uliza basi: ziwa gani, samaki gani, chombo gani, una jaketi? Maswali manne. Ukishindwa hayo, uza sabuni.

Sasa naomba msaada kwa wenyeji wa kule chini ziwani. Nahitaji uzi mpya wa mkono wa mita 100, ndoano ndogo za namba 10 hadi 12, na jaketi mbili za watu wazima, imara, siyo zile za kuchezea watoto kwenye bwawa. Mwenye kujua panapouzwa Kyela mjini au Ipinda aweke mahali na bei hapa. Fimbo na kamba naziuza kwa atakayevulia ufukweni, nitamwambia kasoro zake zote. Wavu siuzi. Nimeukatakata kwa mkasi wa bati, uko kwenye gunia nyuma ya gereji.

Shemeji ana nyuzi tatu juu ya jicho, anaendelea vizuri. Ndaga fijo, yaani asante sana, kwa mama wa zahanati aliyemshona.