Kapsuli za vitamini E kwa ukurutu wa mtoto: niendelee au niache?

Mama Kifungua Mimba, Nakuru
Wenzangu, naomba ushauri. Mtoto wangu ana mwaka mmoja na miezi minane. Ukurutu umemshika mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, na kiangazi hiki cha vumbi ndicho kimemzidishia. Usiku hatulali, anajikuna hadi shuka inapata damu. Kwenye kemisti niliambiwa nitoboe kapsuli za vitamini E nimpake yale mafuta asubuhi na jioni. Siku ya nne pamekuwa pekundu zaidi, na vipele vipya vimetoka pembeni. Niendelee? Na krimu ya vitamini B12 inayosifiwa, inasaidia kweli?

Baba Pacha
Pole sana mama. Acha leo hii. Vitamini E ya kupaka huwadhuru wengine kwa mzio, na ngozi iliyochubuka haivumilii majaribio.

Sista wa Kondele
Nakubaliana na Baba Pacha. Kuhusu B12, haya si maneno matupu. Mwaka 2004 watafiti wa Ujerumani waliwapa wagonjwa 49 krimu yenye B12 ya asilimia 0.07 wapake upande mmoja wa mwili, na upande wa pili krimu isiyo na dawa. Baada ya wiki 8, upande wa B12 ulikuwa umepoa zaidi. Lakini watu 49 ni wachache, na krimu hiyo haichukui nafasi ya dawa ya daktari. Tafadhali usivunje sindano za B12 ukachanganye mwenyewe nyumbani.

Kinachomfaa mtoto sasa ni mafuta ya mgando yasiyo na manukato. Muogeshe kwa maji vuguvugu, dakika 5 hadi 10 zinatosha, mpanguse kwa kumgusagusa tu, kisha umpake mengi ngozi ikiwa bado na unyevu. Rudia mchana. Pakitoka usaha au akipata homa, usingoje kesho.

Nyar Kisumu
Na ujihadhari na krimu za sokoni zisizo na maandishi. Nyingine zina steroidi kali, yaani dawa za kutuliza uvimbe na wekundu wa ngozi. Wangu alipoa siku tatu, tulipoacha ukarudi kwa hasira.

Mama Kifungua Mimba, Nakuru
Asanteni sana, kapsuli nimeziweka kando. Kesho tunaenda kliniki ya ngozi. Mgando nimpake hata usoni?

Sista wa Kondele
Hata usoni, mama. Chota kwa kijiko safi, usitie vidole koponi.