Kedarnath au Badrinath: nimpeleke mama wapi?

MwanaUpanga: Habari za humu wakuu. Mama anataka kwenda hija ya Kihindu milimani Uttarakhand, India, na tiketi za Delhi nakata wiki hii. Hekalu la Kedarnath au la Badrinath? Muda hautoshi kwenda kote kuwili. Mliowahi kufika, naombeni ushauri.

BiTanga: Mama ana umri gani? Mnaenda mwezi gani? Afya yake je? Swali umelileta nusu, mwanangu.

NyaliKwetu: Kedarnath, wala usijiulize! Ni moja ya jyotirlinga 12, mahali patakatifu pa mungu Shiva. Ukitokeza pale juu ukaliona lile hekalu la mawe na theluji nyuma yake, uchovu wote kwisha. Badrinath basi linakufikisha hadi mjini. Hija gani hiyo?

BiTanga: Taratibu. Badrinath ni kwa mungu Vishnu, naye hapimwi kwa jasho. Badrinath kuna Tapt Kund, chemchemi ya maji ya moto, mahujaji huoga hapo kwanza ndipo waingie hekaluni. Kwa mtu mzima mwenye maumivu ya viungo ile ni neema.

MwanaUpanga: Samahanini. Mama ana miaka 71, ana presha, na magoti yanamsumbua. Tunafikiria Julai, watoto wakiwa likizo. Kedarnath tungepanda helikopta.

MaranguJuu: Julai hapana kabisa! Ni masika yao, barabara kutoka Rishikesh hukatwa na maporomoko. Juni 2013 mvua ilinyesha mfululizo, ziwa la Chorabari likapasuka, mto Mandakini ukausomba mji wa Kedarnath. Watu walikufa kwa maelfu. Hekalu lilisalimika, jabali lililoporomoka likakwama nyuma yake likayagawa maji. Leo wanaliita Bhim Shila.

Halafu urefu. Mimi napandisha wageni Kilimanjaro. Kedarnath ni mita 3,583, kambi yetu ya Horombo ni 3,720, na hapo Horombo mgeni tunamfikisha siku ya pili, akiwa ameshalala kambi ya chini, Mandara. Helikopta itampandisha mama yako kwa dakika chache tu. Amwone daktari kwanza.

KisutuMjini: Helikopta ngoja niwaeleze. Tulikwenda na baba mkwe, mwezi wa tano. Mizigo wanapima kilo, wakatuambia begi tuliache chini, mchana tutakuwa tumerudi. Darshan, yaani kumwona mungu hekaluni, tukapata vizuri. Saa sita ukungu ukashuka, ndege zote zikasimama. Dawa za presha za mzee zimo kwenye begi, hoteli. Kila tukiuliza tunaambiwa subirini. Tulilala chumba kimoja na familia nyingine, mablanketi yana unyevu, mzee anahema usiku kucha nami nimemshika mkono. Asubuhi hali ya hewa bado, tukakodi palki, kiti cha kubebwa mabegani. Wanaume wanne walimbeba hadi Gaurikund, chini njia ya miguu inapoanzia, kama kilomita 16, wamevaa viatu vya raba na fimbo mkononi, wanapokezana bega bila kusimama. Pesa ya tiketi ya kurudi hadi leo hatujarudishiwa. Siku hizi nikisikia mtu anasema helikopta ndiyo rahisi, roho inaniuma.

NyaliKwetu: Pole sana kaka. Basi apande nyumbu, wale chotara wa punda na farasi.

BiTanga: Nyumbu wale wanabebeshwa kupita kiasi, wengine wanaanguka njiani. Kumwendea Mungu juu ya mgongo wa mnyama anayeteseka, mimi siwezi.

NyaliKwetu: Bi mkubwa, hao nyumbu ndio ada za shule za watoto wa vijiji vile. Na magari ya kebo ya kupandisha mahujaji yakija, watakula nini? Serikali imeidhinisha Machi 2025, kilomita 12.9 kutoka Sonprayag.

MaranguJuu: Milima ile michanga, inatembea. Mji wa Joshimath mwanzoni mwa 2023 nyumba zilipasuka kuta, watu wakahamishwa. Bado wanataka kuchimba nguzo!

BiTanga: Na Joshimath ndiyo njia ya Badrinath, tusisahau.

KisutuMjini: Mwana Upanga, kuna jambo hawajakwambia. Siku ya Bhai Dooj, sikukuu ya baada ya Diwali, Kedarnath hufungwa na sanamu huteremshwa hadi mji wa Ukhimath, hekalu la Omkareshwar. Huabudiwa hapo majira yote ya baridi. Gari linafika.

NyaliKwetu: Ukhimath si Kedarnath.

KisutuMjini: Mungu ni yuleyule.

MwanaUpanga: Desemba nako watoto wamefunga shule. Mama nimemsomea, kasema atafikiri, ila Kedarnath bado anaitaja. Ukhimath kuna nyumba za wageni zenye maji ya moto?