Mrejesho: Kufundisha vipimo kwa mradi wa kupima mvua

Ndugu walimu, niliwahi kuuliza namna ya kufundisha vipimo kwa vitendo katika darasa la tano lenye wanafunzi wengi na vifaa haba, hapa wilayani Chamwino, nanyi mkanishauri tutengeneze vipimamvua kwa chupa za maji.

Kila kundi lilikata chupa, likageuza sehemu ya mdomo iwe faneli, likatia changarawe ili upepo usiiangushe, kisha likajaza maji hadi mstari wa sifuri, kwa kuwa kitako cha chupa hakiko sawa na kingepotosha vipimo. Mstari huo ulizua mjadala mzuri kuliko maelezo yangu yote ya ubaoni. Mvua iliponyesha walipima paa la darasa, wakakokotoa kiasi cha maji yaliyoliangukia kwa kanuni kwamba milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, ndipo binti mmoja akahoji mbona tenki linalopokea maji ya paa hilo halijai. Gata, yaani mifereji ya paa, zimetoboka! Barua kwa kamati ya shule wameiandika wenyewe, katika kipindi cha Kiswahili.

Linalonisumbua bado ni tathmini, maana katika kila kundi wapo wanaobebwa na wenzao. Kwa sasa kila mwanafunzi ana daftari lake la vipimo, nami namhoji mmoja mmoja kwa mdomo, jambo linalokula muda mwingi.