Gumzo la majirani wa fleti, Mombasa: mwezi wa Shravan umeandama

Mama Kiran: Majirani, hamjambo nyote. Shravan, mwezi wetu mtukufu wa Kihindu, umeanza leo, Alhamisi tarehe 13 Agosti 2026, na utakwisha tarehe 11 Septemba. Nawaarifu mapema. Jumatatu zote za mwezi huu nyumbani kwetu ni saumu, kwa hiyo sahani ikirudi haijaguswa msione vibaya. Alhamisi tarehe 3 Septemba jiko langu haliwashwi kabisa. Na usiku wa Ijumaa tarehe 4 naomba sakafu ya juu. Tutaimba bhajani, nyimbo zetu za ibada, mpaka saa sita ipite, maana mungu wetu Krishna alizaliwa usiku wa manane.

Bi Zuhura: Kheri na baraka, mwanangu. Basi mwezi wenu na wetu ni mmoja! Jioni hii nasi twautazamia wa Mfungo Sita, mwezi aliozaliwa Mtume. Mnafunga, na sisi twasoma maulidi.

Baba Neema: Hongera jirani. Lakini naomba kueleweshwa. Mama Anjali wa ghorofa ya tatu alituambia Shravan imeanza tarehe 30 Julai. Sasa tufuate ya nani?

Mama Anjali: Zote mbili, Baba Neema 🙏🏾 Kwetu Uttar Pradesh, kaskazini mwa India, mwezi tunauhesabu kutoka mwezi mpevu hadi mwezi mpevu. Wagujarati kama Mama Kiran wanaanza mwezi unapoandama. Kwa hiyo mimi nimetangulia wiki mbili, na tarehe 28 Agosti nitakuwa nimemaliza wakati Mama Kiran yuko katikati. Sikukuu zenyewe hatugombanii. Krishna anazaliwa usiku uleule kwetu sote, ila mimi mwezi huo nitakuwa nauita Bhadrapad.

Latifa: Shangazi Kiran, kama mnafuata mwezi, mbona Shravan haizunguki? Ramadhani nimeifunga wakati wa joto na wakati wa mvua. Nyinyi kila mwaka ni Julai au Agosti tu.

Mama Kiran: Swali zuri mno, Latifa. Miezi kumi na miwili ya mwandamo ni siku 354 hivi, mwaka wa jua una 365. Nyinyi mnauacha mwezi uteleze siku 11 kila mwaka. Sisi tukiona pengo limekua, karibu kila miaka miwili na miezi minane, tunaongeza mwezi mzima. Mwaka huu tumeuongeza, kuanzia 17 Mei hadi 15 Juni. Mwezi huo wa ziada hatuozeshi harusi wala hatuhamii nyumba mpya. Ni wa sala na sadaka tu, na tumempa mungu wetu Vishnu uwe wake. Ndiyo maana mwaka jana Shravan yetu ilikwenda na Mfungo Tano, na mwaka huu imesogea kwenye Sita.

Latifa: Maa shaa Allah. Leo nimejua.

Baba Neema: Nami niseme lililo moyoni kwa heshima. Maziwa. Naona watu wanayamimina juu ya jiwe la mungu wenu Shiva, na bei ya maziwa tunaijua sote hapa.

Mama Kiran: Umesema kweli, na hata sisi wenyewe tunalijadili. Acha nikueleze chanzo. Miungu na mashetani walipoisukasuka bahari kutafuta maji ya uzima, kilichotangulia kutoka ni sumu ya kuangamiza ulimwengu. Shiva akainywa. Hakuimeza wala hakuitema, akaizuia kooni, na koo likawa la buluu. Tunammwagia maji na maziwa kumpoza. Sasa mimi kwangu natia kijiko kimoja cha maziwa katika lota, chombo kidogo, ya maji, naweka na jani la bili, lile lenye vijani vitatu. Inatosha. Paketi zilizobaki zinakwenda kwa watoto wenye kuzihitaji. Mama mkwe wangu alikuwa anamwaga lita nzima, na sithubutu kusema ibada yake ilikuwa na kasoro. Ila mimi nimechagua hivi.

Baba Neema: Nimekuelewa. Ahsante kwa kutochukia.

Mama Riziki: Mie nataka habari ya jiko. Kwa nini lisiwashwe?

Mama Kiran: Hiyo ndiyo siku niipendayo kuliko zote, Mama Riziki. Jumatano tarehe 2 ni ya kupika tu: thepla na puri (aina za chapati), viazi vikavu, vitamu vya kila namna. Usiku nazima jiko, nalisugua mpaka ling'ae, nalitia kunkumu, ule unga mwekundu, na uzi wa pamba, naliombea. Kesho yake nyumba nzima tunakula baridi, hata chai hakuna, na wengi wanaoga maji baridi pia. Ni siku ya Shitala, mungu mama mwenye kupoza, anayepanda punda na kushika ufagio. Wazee wetu walimwomba awakinge watoto na ndui.

Mzee Athmani: Ndui ilikuwa balaa. Mtu wa mwisho kuipata kwa njia ya kawaida duniani alikuwa hapo Merka, Somalia, 1977. Si mbali na sisi.

Mama Kiran: Ndivyo, mzee wangu. Ugonjwa umetoweka na siku tumeibakiza. Mimi nadhani ni kwa sababu mwezi huu kila kitu tunachokitegemea au kukiogopa kinapewa siku yake ya kuheshimiwa. Ng'ombe na ndama wake wana siku, nyoka ana siku, kaka anafungwa uzi mkononi na dada yake, jiko linapumzishwa. Na mwezi ukipevuka, tarehe 28, ni zamu ya bahari. Wavuvi wa Gujarat na Maharashtra wanaitupia nazi kabla ya kurudisha vyombo majini, kwa kuwa tufani za mvua zimeanza kutulia.

Mzee Athmani: Hapo umenigusa. Huku kwetu huo ndio wakati kusi linalegea, demani inaingia. Upepo ni mmoja! Makotia, yale majahazi makubwa ya Kach huko Gujarat, yakitoka bandari ya Mandvi na kaskazi, yakija kutia nanga Bandari ya Kale, mabaharia wake wote walikuwa wakingojea bahari ifunguliwe. Mwezi wa saba hakuna nahodha mwenye akili aliyeivuka.

Mama Kiran: Mababu zangu walikuja hivyohivyo, mzee, kwa kotia. Nikitupa nazi yangu huwa nawakumbuka hao.

Mama Riziki: Kwa hiyo tarehe 28 mnakwenda pwani? Watoto wangu waje?

Mama Kiran: Waje! Jioni, maji yakijaa. Na Ijumaa ile ya tarehe 4 waje pia kuvuta kamba ya pembea ya Krishna. Jumamosi hakuna shule.

Baba Neema: Sakafu ya juu mmepewa. Nitamwambia bawabu aache taa za ngazi ziwake mpaka mwisho.

Bi Zuhura: Nazi usinunue, Mama Kiran. Shambani Mtwapa zimejaa. Wataka ngapi, na zifuliwe?

Mama Kiran: Tano, Bi Zuhura, Mungu akuzidishie. Zifuliwe, ila kile kishungi cha juu kiachwe, kisikatwe.