Mkate wa ngano iliyooteshwa: mbona unanata ndani, na faida zake ni za kweli?

Mdadisi_Jikoni
Wakuu, naomba msaada kwa wanaoujua mkate wa nafaka zilizooteshwa. Vipimo ni hivi: ngano nzima 500 g, inalowekwa saa 12, inaachwa iote siku tatu mpaka mizizi inazidi urefu wa punje, inasagwa mbichi kwenye blenda, kisha hamira 10 g na chumvi 5 g. Oveni nyuzi 220, dakika 40. Ganda linakuwa jeusi, juu panabonyea, na ukikata, kisu kinatoka na utandu unaonata kama gundi. Nakosea wapi? Na huo utamu unaosifiwa unatoka wapi ikiwa hakuna sukari? Faida za kiafya nazo ni za kweli au ni maneno ya kwenye pakiti?

Kimea_na_Chachu
Kosa la kwanza ni siku tatu. Mizizi ikishazidi punje, hiyo si ngano ya mkate tena, ni kimea cha pombe. Punje inapoota huamsha vimeng'enya (protini zinazoharakisha mabadiliko ya kemikali), na mkubwa wao hapa ni amilesi, inayokata wanga kuwa sukari iitwayo maltosi. Utamu unatoka hapo. Ila amilesi hiyohiyo ndiyo inayokuharibia mkate: ndani ya oveni wanga huanza kuvimba na kulainika kwenye nyuzi 60 hivi, na amilesi haifi mpaka joto lipite 75. Katika pengo hilo inautafuna wanga kwa kasi, na wanga huo ndio uliotegemewa kushika maji. Ndio utandu unaouona kwenye kisu. Vimeng'enya vingine navyo vinakatakata gluteni, protini ya ngano inayoshikilia donge, kwa hiyo mkate unakosa uti wa mgongo na juu panadidimia.

Loweka saa 8 hadi 12, mwaga maji yote, weka kwenye chujio na ufunike kwa kitambaa. Suuza kila baada ya saa 8. Kwenye nyuzi 20 hadi 25, saa 24 hadi 36 zinatosha. Kukiwa na joto zaidi, anza kukagua mapema. Kwanza kitatokea kitone cheupe kwenye ncha ya punje, kisha vizizi vitatu vidogo. Ishia hapo, vikiwa na mm 2 au 3. Kata punje moja kwa kisu: moyo wake usiwe na sehemu ngumu kavu. Ukiona jani la kijani umechelewa, na ladha itakuwa ya majani mabichi.

Usichanganye vinyweleo vya mizizi na ukungu. Vinyweleo ni vyeupe, vimezunguka mzizi tu, na hulala ukisuuza. Ukungu hukaa juu ya punje yenyewe, una rangi ya kijivu au kijani na harufu ya uvundo. Ukiuona huo, tupa ngano yote, usiokoe kitu.

FundiTanuri
Mkuu hapo juu amemaliza upande wa kuotesha. Mimi niongeze kusaga na kuoka.

Blenda inapasha moto, na moto unawapa vimeng'enya nguvu. Weka ngano iliyoota kwenye friji saa 2, kisha usage kidogo kidogo. Mashine ya kusagia nyama yenye sahani ya matundu madogo ni bora zaidi. Pitisha mara mbili. Ngano kavu 500 g ikishaota hufika karibu 800 g, maana yake maji yote ya mkate yameshaingia ndani ya punje. Usiongeze hata tone.

Kwa 800 g hizo: chumvi 9 g na hamira ya papo hapo 5 g. Chumvi yako ilikuwa ndogo mno, nayo ndiyo inayokaza gluteni na kupunguza mbio za hamira. Hamira 10 g kwenye donge lililojaa maltosi inaumua haraka kuliko donge linavyoweza kubeba. Kanda dakika 8 hadi 10 mpaka uji mzito ugeuke donge linalovutika. Liweke moja kwa moja kwenye bati la mkate na uoke likishapanda kwa nusu. Ukisubiri liwe maradufu, litaanguka.

Oveni nyuzi 190, dakika 55 hadi 60. Maltosi huwahi kubadilika rangi, ndiyo maana kwa 220 ganda linaungua na ndani bado. Likianza kuwa jeusi, funika kwa karatasi ya foili. Kipimajoto katikati kisome 96. Kisha, na hapa ndipo wengi hukosa subira, usikate mpaka upoe kabisa, saa 3 au zaidi. Wanga hujikaza unapopoa. Ukikata wa moto, hata mkate ulioiva vizuri utanata.

Ukitaka ulio mwepesi: ngano iliyoota na kusagwa 300 g, unga mweupe wenye gluteni nyingi 400 g, maji 240 ml, chumvi 10 g. Ladha inabaki, na unapanda vizuri zaidi.

Lishe_Bila_Chumvi
Kuhusu faida, zipo, lakini zimetiwa chumvi. Iliyo thabiti zaidi ni hii: pumba ya nafaka ina asidi ya fitiki, inayoshikilia madini ya chuma na zinki yasifyonzwe mwilini. Kuotesha huamsha kimeng'enya cha fitesi, nacho huipunguza. Mkate wa unga usiokobolewa uliochachushwa taratibu kwa chachu ya asili (unga na maji vilivyoachwa vichachuke) hufanya jambo hilohilo, kwa hiyo kuota si njia pekee. Foleti (vitamini B9) na vitamini C pia huongezeka punje inapoota, ila sehemu hupotea kwenye joto la oveni.

Uwe makini na kulinganisha kalori kwa kipande. Mkate huu una maji mengi, hivyo kipande cha uzito uleule huonekana kuwa na wanga mdogo. Mwenye kisukari aendelee kuhesabu wanga kama kawaida.

Na mwenye ugonjwa wa siliaki, yaani ambaye gluteni hudhuru utumbo wake, asiuguse. Gluteni imepungua kidogo, haijaisha. Jambo jingine: nunua nafaka ya kula, si mbegu ya kupanda, kwani mbegu nyingi za kupanda hupakwa dawa. Usionje donge bichi pia. Unyevu na joto la kuotesha huwafaa bakteria.

Mdadisi_Jikoni
Nashukuru sana wakuu. Je, naweza kukausha ngano iliyoota nisage unga wa kuweka akiba? Na ladha inabadilika?

Kimea_na_Chachu
Unaweza. Tandaza safu nyembamba, kausha chini ya nyuzi 45 ukiwa na upepo wa kutosha, mpaka punje ivunjike kwa mlio ukiing'ata. Ikikunjika badala ya kuvunjika bado ina maji, na itaziba mawe ya kinu. Ladha inaegemea kimea na karanga, uchungu wa pumba umepungua. Mkate wa kusaga mbichi ni mzito, wa kutafuna, na ladha yake hupendeza zaidi ukichomwa vipande. Wa unga ni laini zaidi, ila umua kwa muda mfupi kuliko unga wa kawaida, maana vimeng'enya bado vipo hai. Ukiuchachusha kwa chachu, uchachu wake utaibana amilesi kiasi, na huo ndio ningeanza nao.

FundiTanuri
Kuhusu kuhifadhi: mezani siku 2 tu, unyevu wake huleta ukungu upesi. Kata vipande ukishapoa, gandisha, uchome moja kwa moja kutoka kwenye friza.