Mwimbaji wetu amefariki, nyimbo zimebaki nusu. AC/DC walifanyaje mwaka 1980?

KijanaWaMaweni, Malindi

Assalam aleykum wakubwa kwa wadogo. Sisi ni vijana wa Malindi tunaopiga magitaa, roki hasa, na hapa kwetu tuko wachache. Tulikuwa watano. Mwimbaji wetu tulimzika mwezi uliopita. Kwenye simu yangu zimebaki nyimbo sita ambazo hazijaisha. Pale alipokuwa hajapata maneno anaimba "na na na", na katikati ya moja anakohoa, anacheka, anasema "tena".

Wenzangu wawili wanasema tuzifute tuachane na bendi. Mmoja anataka tutafute mwimbaji kabla wageni hawajaanza kuingia Desemba. Mimi sijui niko wapi. Nimesikia kwamba AC/DC, bendi ya roki ya Australia, walifiwa na mwimbaji wao Bon Scott na mwaka uleule wakatoa albamu ya Back in Black. Anayejua anieleze: walianzaje tena, na watu waliwapokeaje? Hawakuonekana wamemkosea marehemu?

FundiWaMkomani, Lamu

Wa aleykum salaam mwanangu. Poleni sana, Mola amrehemu mwenzenu na awape subira. Nitaandika kwa urefu, kwa sababu albamu hiyo imekaa nyumbani kwetu tangu 1984 na swali lako nami lilinikaa kifuani miaka mingi.

Kaka yangu mkubwa alikuwa akifanya kazi hotelini huko kwenu. Mgeni mmoja alipokuwa akiondoka alimwachia kanda. Kaka alipokuja Lamu kwa Idi aliniletea, nami nikadhani karatasi ya kasha imeharibika kiwandani: nyeusi tupu, jina la bendi limechorwa ukingo wa kijivu tu. Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba weusi ule ni wa msiba. Bendi ilitaka jalada jeusi lisilo na kitu, kampuni yao ya Atlantic ikasita, mwisho wakakubaliana herufi zitiwe ukingo wa kijivu zipate kuonekana.

Sasa habari yenyewe. Bon Scott alifariki London tarehe 19 Februari 1980, ana miaka 33, baada ya usiku wa ulevi. Walikuwa wametoa albamu ya Highway to Hell mwaka uliotangulia na Marekani ndiyo kwanza inawasikia. Malcolm na Angus Young, wapiga gitaa wa bendi na ndugu wa tumbo moja, waliwaza kuacha muziki. Walipokwenda Australia kwenye mazishi, baba yake Bon ndiye aliyewaambia watafute mwimbaji mwingine waendelee. Mwanangu, hapo pashike. Ruhusa ilitoka kwa wenye msiba.

Na huyo mwimbaji mwingine, Brian Johnson, ni kama marehemu mwenyewe ndiye aliyemwelekeza. Miaka ya nyuma Bon alimwona Brian jukwaani na bendi yake ya Geordie, anapiga ukelele, anagaagaa chini, na akawasimulia wenzake kwamba yule ndiye mwimbaji. Kumbe Brian siku ile alikuwa akiumwa kidole tumbo! Maumivu yalikuwa ya kweli. Walipomwita kumjaribu alikuwa na miaka 32, yuko kwao Newcastle, riziki yake ni kufunika mapaa ya magari kwa vinaili. Aliimba Whole Lotta Rosie, wimbo wa Bon, na Nutbush City Limits wa Tina Turner. Wakamchukua.

Aprili hiyohiyo wakasafiri hadi Nassau, Bahama, studio ya Compass Point, na prodyuza Robert John "Mutt" Lange, yuleyule wa Highway to Hell. Kisiwa hicho, bahari iko mlangoni. Sisi wa Lamu hatuhitaji kuelezwa mwezi huo kukoje kusi likianza kuvuma na masika yakishuka. Na wao kule dhoruba zao ziliwakuta. Brian alitakiwa atunge maneno ya nyimbo zote kumi, mtu mgeni, amevaa viatu vya maiti, na kuna wimbo uliomkwamisha kabisa. Radi ikaanza kupiga nje, mvua ikamwagika, naye akaandika alichokisikia: radi, mvua, upepo, umeme. Ndio huo Hells Bells unaofungua albamu.

Kengele yake nayo ina kisa. Ilisubuliwa kwa ajili yao na kiwanda cha John Taylor, mji wa Loughborough, Uingereza, uzito wake tani moja hivi. Kwanza walikwenda kurekodi kengele ya mnara wa kumbukumbu ya vita uliopo mji huohuo. Kila ikigongwa ndege wanaruka, mbawa zinasikika kwenye maikrofoni kuliko kengele. Ikabidi warudi kiwandani waigonge ile yao palepale. Mara ya kwanza kusoma hayo nilikumbuka siwa yetu, baragumu kubwa la shaba lililoko makumbusho hapa Lamu. Chombo kizito cha shaba kinaposikika watu huacha walichokuwa wakifanya. Hakuna haja ya kutangaza kwamba kuna jambo.

Sasa nikwambie nilichokisikia mimi kwa masikio yangu, maana kazi yangu ni redio. Kaka alikuwa na redio kaseti ya spika mbili. Mwaka 1986 chumvi ya bahari ilikula waya wa spika moja, ikanyamaza. Tukaweka Back in Black: gitaa moja halipo! Nilifungua redio nikiwa na hakika ubovu uko kwenye hedi, kile kichwa kinachosoma kanda. Nilipounga waya ndipo nilipotambua kwamba ndugu wale wamegawana pande, Malcolm huku, Angus kule. Ukisikiliza upande mmoja unasikia jinsi kila mmoja anavyomwachia mwenzake nafasi. Gitaa linapiga, linakatika, unasikia dramu za Phil Rudd peke yake, kisha linarudi. Zile nafasi tupu ndizo zinazokupiga kifuani. Kelele mfululizo haitishi, sikio huizoea kama jenereta.

Na mapigo yale ya wimbo wa Back in Black yalikuwepo kabla ya msiba. Malcolm alikuwa nayo kwenye kanda wakati wa ziara ya Highway to Hell, akamwuliza Angus kama ni takataka, arekodi kitu kingine juu yake. Angus akamkataza. Kwa hiyo wewe na simu yako, usifute kitu. Hata kile kikohozi.

Kaka yangu alifariki mwaka 1991. Kanda ilikaa sandukuni mpaka arubaini ipite, na hata baada yake nilikuwa naona haya. Siku niliyoithubutu, utepe ulikuwa umegandana mwanzoni. Nikauvuta kwa penseli, ukakatika, nikauunga kwa gundi ya karatasi, na pale nilipounga ule mlio wa kwanza wa kengele umeliwa nusu. Mama alikuwa barazani anachambua mchele. Akauliza, "Ni ile ya kaka yako?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Iongeze basi." Aliacha ungo mapajani, akasikiliza upande mzima, yeye ambaye hajui neno la Kiingereza.

BintiShela, Lamu

Ami, umenitoa machozi na nyote nawapa pole. Lakini kijana ameuliza kama walimkosea marehemu, na jibu langu ni kwamba pahali pamoja walimkosea. Mtu amekufa kwa pombe, na miezi mitano baadaye, Julai 1980, albamu inatoka ina wimbo Have a Drink on Me. Najua muziki wake ulianza Bon akiwa hai; siku chache kabla ya kufa aliingia mazoezini akaupigia dramu, maana alianzia kwenye dramu. Hata hivyo maneno yaliandikwa baada ya kifo na yangeweza kubadilishwa. Mimi wimbo huo nauruka kila mara. Na nyimbo zinazohusu wanawake humo ndani nyingine ni za kitoto, sitazitetea.

Kuhusu kupokelewa: Uingereza na Australia ilishika namba moja. Marekani iliishia namba nne na haikupanda zaidi, ila iliuzwa pole pole bila kukoma, kufikia 2019 imethibitishwa nakala milioni 25 huko peke yake, na 2024 milioni 27. Mwaka 1981 Wamarekani walikuwa na kiu hata kampuni ikawatolea Dirty Deeds Done Dirt Cheap, albamu ya zamani, ya 1976, yenye sauti ya Bon, na ikafika namba tatu. Yaani mrithi ndiye aliyewapeleka watu kwa marehemu. Hilo nalikubali kwa moyo wote.

Kijana, usifanye haraka kwa sababu ya Desemba. Wageni watakuja na mwakani.

FundiWaMkomani, Lamu

Binti yangu, kuhusu wimbo huo sina la kukupinga. Ila bendi ilimwambia Brian jambo moja alipokuwa akitunga maneno ya wimbo wa Back in Black: usiwe wa kuomboleza, uwe wa kumsherehekea Bon. Ukisikiliza albamu nzima, hakuna wimbo hata mmoja wa taratibu, na jina la Bon halitajwi popote. Kengele, jalada, basi. Nadhani walijua kwamba wakianza kumlilia kwa maneno hawatamaliza.

MpigaDramuWaShela, Lamu

Poleni sana kaka. La kwangu ni dogo. Mkirudi mazoezini, mpiga dramu asikilize Phil Rudd kwenye huo wimbo wa Back in Black. Hakuna madoido. Mimi nilihangaika nao miezi minne nikidhani ni rahisi. Kila nilipokuwa na huzuni nilipiga haraka bila kujua.

KijanaWaMaweni, Malindi

Nawashukuru wote, na Ami hasa. Niliposoma lile neno la ruhusa ya wenye msiba niliona aibu. Tumebishana mwezi mzima sisi wanne na hakuna aliyekwenda kwa mama wa marehemu.

Jana baada ya Asri tulikwenda, sote. Nilimwekea zile nyimbo sita kwenye simu. Kwa ile ya kikohozi alinishika mkono akaniambia nirudie, nikarudia mara tatu. Hakusema tuendelee wala tusiendelee. Tulipoaga aliingia chumbani akatoka na daftari la shule la jalada la kijani, akalifuta vumbi kwa kanga. Ndani yake yamo maneno ya nyimbo nne kati ya zile sita, kwa hati ya marehemu, pamoja na pale tulipodhani ni "na na na" tu.

Mwimbaji hatujatafuta. Kesho tunakutana tuyasome.