Nimejiunga na klabu ya baiskeli: nichukue ya rodi ya mtumba au mauntini mpya?

Mgeni_Tegeta:
Wakuu habari za jioni. Mwezi huu nimejiunga na klabu ya baiskeli huku kwetu. Nimetoka nao mara mbili kwa baiskeli ya kuazima, na mwenyewe ameshaanza kuiulizia. Nimeona mbili. Moja ya rodi, yaani ya mbio za lami yenye tairi nyembamba, mtumba wa Japani, nyepesi kweli, unainyanyua kwa mkono mmoja. Nyingine mauntini, yaani ya milimani na njia mbovu, mpya ya dukani, ina shokapu mbele na breki za diski. Bei zinakaribiana. Nichukue ipi? Nataka Jumamosi ijayo nitoke na ya kwangu.

FundiSpoki:
Karibu sana. Ila umetuacha gizani. Bajeti ni shilingi ngapi? Una urefu gani? Klabu inapita njia zipi? Na umewahi kuendesha kabla ya hapo au ndiyo unaanza? Bila hayo kila mtu atakutajia anayoipenda yeye.

MbioZaKanda:
Chukua ya rodi, kaka, usijiulize mara mbili. Mimi nimekulia Kanda ya Ziwa, mbio za baiskeli kule watu wanajaa barabarani kama wanasubiri harusi. Nimeshindana tangu nina miaka 17. Kwenye kundi, mwendo ukifika kilomita 30 kwa saa, mwenye mauntini anaachwa na anabaki kupigana na upepo peke yake. Ile shokapu ya bei nafuu inakula nguvu: unakanyaga, inabonyea, unakanyaga, inabonyea. Lami ya kwenda Bagamoyo haihitaji shokapu.

Kahama2Dar:
Sikubaliani na mkuu hapo juu. Mimi nimeanza na daladala za baiskeli Kahama, Phoenix ya chuma, mto nyuma kwenye karia na abiria juu yake, asubuhi mpaka giza. Leo niko kwenye klabu na wenye baiskeli nyepesi za kaboni, na kwenye mlima wa Pugu siwaoni mbele yangu. Miguu ndiyo baiskeli. Achukue mauntini, barabara zetu zina mashimo, mchanga na matuta yasiyo na alama. Tairi nyembamba ikiingia kwenye mchanga wa Kigamboni unalala chini.

MbioZaKanda:
Kaka, miguu ya kubeba abiria ni ya nguvu, nakuheshimu. Lakini kubeba mzigo na kuzungusha pedali mizunguko 90 kwa dakika kwa saa tatu ni kazi mbili tofauti. Nimeona wabeba mzigo wengi wakianza mashindano kwa kasi na kukata moto kilomita ya 40, kwa sababu wanatumia gia nzito muda wote. Anayeanza leo afundishwe gia nyepesi tangu siku ya kwanza, magoti yatamshukuru.

Mzee_wa_Swala:
Vijana, mimi nilianza na Swala, zile zilizokuwa zinatengenezwa hapa hapa Dar. Nilikuwa naenda nayo kazini miaka ya themanini. Sasa nina miaka 67 na bado natoka na klabu kila Jumamosi saa kumi na moja na nusu alfajiri. Naomba nieleze kilichonipata na mtumba wa rodi, maana naona huyu mwenzetu anataka kuingia pale pale nilipoingia mimi.

Miaka michache nyuma nilinunua baiskeli ya mbio, nzuri ajabu, rangi ya samawati, muuzaji akanihakikishia ni ya Ulaya na haina tatizo. Niliangalia fremu, nikaangalia gia, nikaridhika. Tairi sikuziangalia. Jumamosi ile tukaelekea Chalinze, wanane. Tulipofika Mlandizi nikapata pancha nyuma. Nikasema hakuna shida, fundi yuko pale chini ya mwembe na bakuli lake la maji. Akaingiza bisibisi kutoa tairi, tairi haitoki. Akajaribu upande mwingine, haitoki. Ndipo nikagundua kwamba ile tairi imegundishwa kwenye ringi kwa gundi, na tyubu imeshonewa ndani ya tairi kama mto ulioshonwa foronya. Kijana hajawahi kuona kitu kama hicho maishani mwake, na mimi pia.

Akaikata nyuzi kwa wembe, taratibu, sentimita kwa sentimita. Tyubu ikatokea, nyembamba kama utumbo wa kuku. Akaipiga kiraka. Jirani yake fundi viatu akaleta sindano na uzi wake, akaishona tena, ikapata uvimbe mahali pa mshono. Wakapaka gundi ya viatu kwenye ringi. Kujaza upepo nako shida, mdomo wa valvu ni ule mwembamba, pampu ya kituo cha mafuta haiingii. Tuliokoka kwa sababu mwenzetu mmoja alikuwa na pampu ya mkono. Wenzangu walishanisubiri zaidi ya saa nzima. Tukaondoka. Sikufika kilomita mbili: kwenye kona tairi ikachomoka kwenye ringi, nikaanguka kwa ubavu, goti likachanika na kiwiko kikavimba. Nilirudi Dar juu ya kenta ya nyanya, baiskeli imefungwa kamba nyuma ya kichwa cha dereva, nimelishika goti mkono mmoja. Wiki sita sikupanda baiskeli.

Sisemi rodi ni mbaya. Nasema kabla hujatoa pesa, bonyeza tairi pembeni kwa kidole gumba uone kama inaachana na ringi. Ikiwa haiachani kabisa, iache baiskeli hiyo palepale, au ununue na ringi nyingine.

FundiSpoki:
Shikamoo mzee. Pole sana, na asante kwa kueleza. Hizo tairi za kugundisha bado zinaingia kwenye makontena, nazipata mara mbili tatu kwa mwaka. Mtu anazileta kwangu analia.

Mzee_wa_Swala:
Marahaba mwanangu.

Bi_Pugu:
Mgeni, mbona umekaa kimya? Umeulizwa maswali manne hujajibu hata moja.

Mgeni_Tegeta:
Samahanini, nilikuwa kazini. Bajeti ni laki sita, ikizidi sana laki saba. Klabu inatoka Tegeta kwenda Bagamoyo na kurudi, na mara moja kwa mwezi Pugu hadi Kisarawe. Urefu wangu ni sentimita 157. Na naitwa kaka hapa, lakini mimi ni dada. Kabla ya klabu sikuwahi kuendesha tangu nikiwa darasa la tano kijijini, baiskeli ya baba, nikiipitisha mguu katikati ya fremu kwa sababu bomba la juu lilikuwa refu kuliko mimi.

FundiSpoki:
Hapo sasa. Dada yangu, swali lako la rodi na mauntini nimeliweka pembeni. Kwa sentimita 157, la kwanza ni saizi ya fremu. Ile ya rodi uliyoiona, nenda na futi, pima bomba la kiti kuanzia katikati ya ekseli inayoshika mikono ya pedali hadi juu. Ikizidi sentimita 50 usiichukue hata ikiwa ya bure, utanyoosha mikono mpaka mabega yaume. Mitumba mingi inayokuja ni 54 na 56.

MbioZaKanda:
Samahani dada. Namsikia fundi, ila saizi ndogo zipo, ni kutafuta. Mawazo yangu ya rodi hayajabadilika.

Bi_Pugu:
Nikuambie mimi, maana nilikuwa ulipo. Nilijifunza baiskeli nikiwa na miaka 36, kwenye uwanja wa shule jioni watoto wakishaondoka, mume wangu ameshika siti. Kilichonitesa mwaka wa kwanza haikuwa fremu wala gia, ilikuwa siti. Nilichukua ile nyembamba ya mbio kwa sababu ilikuwa imekuja na baiskeli, nikawa nashuka kila kilomita kumi. Fanya hivi: chukua kipande cha boksi, kiweke juu ya ngazi au kiti kigumu, kikalie na uinamie mbele kidogo kama unaendesha. Ukiinuka utaona mashimo mawili ya mifupa yako. Pima kutoka katikati ya shimo hadi shimo, ongeza sentimita mbili au zaidi kidogo, huo ndio upana wa siti yako. Mimi nilikuwa nakalia siti ya mtu mwingine mwaka mzima.

Na baiskeli niliyo nayo sasa ni hibridi: usukani ulionyooka, tairi za milimita 35, haina shokapu. Bagamoyo na kurudi nimeshaenda mara nyingi. Wanaoniacha ni wachache na wananisubiri.

Kahama2Dar:
Bi_Pugu umesema kweli kuhusu siti. Kwetu Kahama abiria wa kike walikuwa wanakaa upande, na mto ukiwa mwembamba hawapandi tena kwako.

Mkazi_wa_Magomeni:
Mimi nauliza jambo lingine. Mnavyotoka Tegeta saa kumi na moja, malori mnayakabilije? Mimi nimeacha Barabara ya Morogoro kabisa. Ile njia ya baiskeli pembeni ya mwendokasi ina bodaboda, ina meza za matunda, ina magari yaliyoegeshwa. Nikipita hapo na binti yangu moyo unadunda mpaka nifike.

MbioZaKanda:
Tembeeni kundi, wawili wawili, taa nyekundu nyuma inayowaka muda wote, kizibao cha kung'aa.

Mkazi_wa_Magomeni:
Wawili wawili dereva wa daladala anakasirika na anakubana. Mstari mmoja ni salama zaidi.

MbioZaKanda:
Mstari mmoja wa watu kumi na wawili ni mrefu kuliko lori, dereva hana pa kurudi akianza kuupita. Wawili wawili anaupita haraka.

Mkazi_wa_Magomeni:
Kwenye barabara yenye bega pana, sawa. Magomeni hakuna bega.

Rusumo_Express:
Naongezea kidogo kuhusu rodi na milima. Septemba 2025 nilipanda basi kwenda Kigali kuangalia mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, mara ya kwanza kufanyika Afrika. Nilisimama kwenye ule mlima wa barabara ya mawe siku ya wanaume. Zaidi ya kilomita 260, na waliomaliza ni 30 tu. Pogačar, Mslovenia aliyeshinda, alipita peke yake, na watoto wa Kigali wakapiga kelele mpaka masikio yakaziba. Siku moja kabla, wanawake, alishinda Mkanada, Magdeleine Vallières. Nilikuwa nimesimama na mama mmoja muuza maandazi, aliacha beseni lake chini akalia. Dada Mgeni, nimemkumbuka mama yule niliposoma habari yako ya baiskeli ya baba.

Mgeni_Tegeta:
Asante sana kaka, umenigusa. Nimefanya la boksi la Bi_Pugu, nimepata sentimita 12 na nusu. Na leo jioni nimepita kupima ile ya rodi: 54. Muuzaji akaniambia nishushe siti tu.

FundiSpoki:
Usikubali. Kushusha siti hakufupishi bomba la juu. Alhamisi nina nafasi mchana, kuna sehemu mbili Ilala wanafungua mzigo mpya. Mmoja aliniambia amepata mauntini ya chuma ya inchi 26, fremu ndogo, haina shokapu. Ukivua tairi za meno ukaweka laini za inchi moja na nusu, inakwenda vizuri sana kwenye lami na vipuri vyake unavipata hata Chalinze. Kwa laki sita utabaki na hela ya kofia ngumu, pampu na taa.

MbioZaKanda:
Fundi, baada ya miezi sita atakuja kuniuliza namna ya kuiuza.

FundiSpoki:
Inawezekana. Na atakuwa amejua anataka nini.

Bi_Pugu:
Hibridi hamkuitaja hata mmoja wenu.

Mzee_wa_Swala:
Binti, ukienda kununua usiache risiti na namba iliyogongwa chini ya fremu. Piga picha siku hiyo hiyo.

Mgeni_Tegeta:
Shikamoo mzee, nitafanya. Fundi, Alhamisi saa nane nitakuwa Ilala. Bi_Pugu, hibridi nikiikuta nitakupigia picha. Jumamosi hii nimeomba ile ya kuazima mara ya mwisho.

Kahama2Dar:
Mkifika Ilala niulizieni karia ya chuma ya Phoenix, zile za zamani nzito. Yangu imekatika pembeni, na mwanangu ameanza shule.